Dawa Inayowashwa na Kirusi Chenyewe

Mtu anayefuata dawa ya hepesi kwenye duka la dawa hapa Migosi, Kisumu, halitaji jina la ugonjwa. Husubiri waliomtangulia waondoke, kisha hunong'ona: "Daktari, kuna ile ya kupaka? Vimetoka tena." Mara nyingi hupewa krimu, akalipa, akaenda zake. Kwa malengelenge ya sehemu za siri, krimu hiyo haina faida ya kutaja. Kirusi hakikai juu ya ngozi. Kimejificha kwenye mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo, chini kiunoni, na kila kinapoamka hushuka kwa njia ya neva hadi kwenye ngozi. Binamu yake, yule tunayemsingizia homa kwa kusema "homa imenitoka mdomoni", hufanya vivyo hivyo kwenye neva za uso. Ukitaka dawa ikikute kirusi njiani, imeze.

Dawa yenyewe ni asikloviri. Ilitengenezwa miaka ya 1970 katika maabara za kampuni ya Burroughs Wellcome nchini Marekani, na mmoja wa waliofumbua namna inavyofanya kazi, Gertrude Elion, alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1988. Ujanja wake unaeleweka vizuri ukimtazama fundi wa nyavu pale ufukweni Dunga. Kila anapofunga fundo huacha ncha ya uzi ya kufungia fundo linalofuata. Kirusi nacho hujinakili hivyo, kipande kwa kipande. Asikloviri ni kipande kinachofanana kabisa na vile vingine, ila hakina ncha. Kikishafungwa, wavu umeishia hapo.

Kwa nini basi isiharibu seli zetu pia, nazo hujinakili? Kwa sababu dawa huingia mwilini ikiwa imezimwa. Hatua ya kwanza ya kuiwasha inahitaji kimeng'enya ambacho kirusi hukitengeneza chenyewe kikiwa kazini. Kwenye seli nzima isiyo na kirusi, dawa hupita kama mgeni asiye na shughuli. Na kwenye neva ambako kirusi kimelala, hakuna cha kuiwasha. Ndiyo maana haiponyi. Ndiyo maana pia anayeanza siku ya nne, vidonda vikishaanza kukauka, amekula hasara: kirusi kimeshamaliza kunakili.

Mara ya kwanza, kipimo cha kawaida ni miligramu 400 mara tatu kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Vikirudi, siku tano zinatosha, mradi uanze siku hiyo hiyo unapohisi mwasho au kuwaka kabla malengelenge hayajatoka. Anayesumbuliwa mara kwa mara, tuseme mara sita au zaidi kwa mwaka, aweza kumeza 400 asubuhi na jioni kila siku, na wengi husahau kabisa kwamba waliwahi kuugua. Valasikloviri ni dawa ile ile iliyovishwa koti: utumbo huifyonza vizuri zaidi, kwa hiyo humezwa mara chache. Kunywa maji ya kutosha. Mwenye matatizo ya figo amwone daktari kwanza, na mjamzito aseme mapema kliniki, maana vidonda vikiwapo siku ya kujifungua mtoto yumo hatarini.

Sasa habari inayotuhusu sisi wa Kisumu hasa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 utafiti uliofanywa katika miji minne ya Afrika uligundua kwamba hapa zaidi ya nusu ya wanawake, na zaidi ya robo ya wanaume, walikuwa na hepesi ya sehemu za siri. Wakati huo huo ukimwi ulikuwa ukizika watu kila wikendi. Wataalamu wakajiuliza: kama kidonda cha hepesi ni mlango wa VVU, si tuufunge kwa asikloviri?

Jozi 3,408 za wenzi, mmoja ana VVU na hepesi na mwenzake hana VVU, waliandikishwa katika nchi saba za Afrika, Kisumu ikiwemo. Wale wenye VVU walimeza vidonge mara mbili kwa siku, wengine asikloviri, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Vidonda vya hepesi vilipungua kwa asilimia 73. Maambukizi ya VVU kutoka kwa mwenzi yakawa 41 upande wa dawa, na 43 upande wa vidonge bandia. Ng'ambo ya pili ya Ziwa Victoria, kwenye jaribio la Mwanza na maeneo jirani, wanawake 821 wasio na VVU waliofanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni walikuwa wameshatoa jibu lile lile mwaka 2008.

Wapo wanaosema dawa ilishindwa. Mimi nakataa: kazi yake iliifanya. Kilichoshindwa ni dhana yetu kwamba mlango ni kidonda. Watafiti wa Seattle walichukua vipande vya ngozi iliyokwisha kupona, wakakuta seli za kinga ambazo VVU huzitafuta bado zimejazana pale wiki kadhaa baadaye, hata kwa watu waliokuwa wakimeza dawa.

Kisha utafiti mwingine ukatuletea kinyume chake. Jozi 4,747 za wenzi wa Kenya na Uganda, wakiwemo wa Kisumu tena, waliposhiriki jaribio la PrEP, vidonge vya kujikinga na VVU vyenye tenofoviri, ilionekana kwamba waliomeza walipata hepesi mpya kwa asilimia 30 hivi pungufu. Kidonge cha hepesi hakikuzuia VVU, cha VVU kikapunguza hepesi.

Kwa hiyo anayenong'ona kaunta anahitaji vitu viwili ambavyo tyubu haina. Kwanza apimwe kaswende na VVU, maana si kila kidonda cha huko ni hepesi. Pili, hepesi ikithibitishwa, daktari amwandikie vidonge vya siku tano vya kuweka nyumbani, ili mwasho ukimshika saa nane usiku asingoje duka lifunguliwe.