Mawimbi Hayajui Jumamosi

Mchezo wa kuteleza mawimbini una malalamiko yake ya kila msimu. Marafiki wanachanga fedha, wanafunga mbao juu ya gari, wanaondoka London Ijumaa jioni kuelekea Newquay, mji wa pwani ya Cornwall huko kusini-magharibi mwa Uingereza, mwendo wa saa tano au zaidi. Kunapambazuka na mvua, upepo unapiga kutoka baharini, na maji yote ni povu na vurugu. Hakuna wimbi hata moja la kusimama juu yake. Jumapili hali ni ile ile. Wanarudi mjini na hukumu moja: hali ya hewa imetuharibia wikendi. Uchungu wao unaeleweka, lakini hukumu yao haisimami ikichunguzwa, kwa sababu huu ni mchezo unaolishwa na hali mbaya ya hewa. Pasipo dhoruba mahali fulani, hakuna wimbi la maana popote. Kinachoharibu safari nyingi za namna hii ni tabia ya kuamua siku na ufukwe wiki kadhaa mapema, upepo ukiwa bado haujulikani, kisha kuidai bahari itimize miadi ambayo haikushirikishwa kuiweka.

Tuanze na asili ya wimbi lenyewe. Mawimbi mazuri yanayofika Cornwall huzaliwa katikati ya Atlantiki ya Kaskazini, pale upepo mkali unapovuma kwa saa nyingi juu ya eneo pana la maji. Yakishazaliwa, husafiri yenyewe hata baada ya upepo ulioyazaa kutulia, na njiani hujipanga: yale marefu yanatangulia, yale mafupi yanachelewa na kufifia. Ndiyo maana wajuzi wa mchezo huu hawaulizi tu wimbi lina kimo gani, huuliza pia sekunde ngapi zinapita kati ya wimbi moja na la pili. Sekunde sita maana yake ni mawimbi machanga ya upepo wa karibu, yaliyobanana na yasiyo na nguvu. Sekunde 14 maana yake ni mawimbi yaliyotoka mbali, ambayo katika kilindi huachana kwa mita 300 hivi na kundi lake husafiri karibu kilomita 40 kwa saa. Mwaka 1963 mwanasayansi Walter Munk na wenzake waliweka vituo vya kupimia kuanzia New Zealand hadi Alaska, wakafuatilia mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za bahari ya kusini, karibu na Antaktika, yakivuka Pasifiki nzima kwa siku nyingi. Dhoruba ikiwa mbali, kwa mteleza mawimbi ni neema.

Ushahidi wa wazi zaidi ulionekana Japani mwaka 2021, mchezo huu ulipoingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Dhoruba ya kitropiki iliyopewa jina Nepartak ilikuwa ikisogea kuelekea nchi hiyo. Waandaaji wa mashindano ya makasia walilazimika kupangua ratiba yao kwa kuihofia. Waandaaji wa mashindano ya kuteleza mawimbini katika ufukwe wa Tsurigasaki nao walibadilisha ratiba, lakini kwa sababu iliyo kinyume kabisa: walivuta fainali mbele kwa siku moja, hadi Julai 27, ili wayawahi mawimbi yaliyoletwa na dhoruba hiyo hiyo. Siku hiyo Carissa Moore wa Marekani na Italo Ferreira wa Brazili walitwaa dhahabu. Miaka mitatu baadaye, mashindano ya Olimpiki ya Paris yalipofanyika Teahupo'o, kisiwani Tahiti, washindani walikaa siku kadhaa bila kuingia majini kwa sababu upepo na bahari havikufaa, na fainali zikafanyika Agosti 5, siku ya mwisho kabisa ya muda wa akiba. Hata Olimpiki, yenye ratiba inayofuatwa kwa dakika na televisheni za dunia nzima, huweka kando siku za kusubiri kwa ajili ya mchezo huu. Msafiri wa wikendi ndiye peke yake asiyeweka hata siku moja.

Basi kama dhoruba ndiyo mama wa mawimbi, wale marafiki wa Newquay walikosa nini? Walikosa upepo unaofaa pale walipokuwa. Upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini hulizuia wimbi lisianguke mapema, ukalisimamisha na kulainisha uso wake. Upepo unaotoka baharini hulisukuma kwa nyuma, likabomoka kabla halijafaa. Sasa tazama ramani ya Newquay kwa karibu. Ufukwe wake mashuhuri, Fistral, umeielekea Atlantiki upande wa magharibi, hivyo upepo wa magharibi unaupiga usoni. Lakini ukivuka rasi na kuingia ghuba ya mji, unakuta ufukwe wa Towan ulioelekea kaskazini. Upepo wa kusini-magharibi unapoivuruga Fistral, Towan imekingwa na nchi kavu, na mawimbi yanaingia yakiwa madogo lakini yenye umbo. Umbali wa kati ya fukwe hizo mbili unatembeka kwa miguu. Na upepo ukigeuka kutoka kaskazini-magharibi, pwani ya kusini ya Cornwall, kwenye fukwe kama Praa Sands, inaupokea upepo huo ukitokea nchi kavu. Mvua inaweza kuwa inanyesha kote huko sawasawa. Mvua haimdhuru mtu ambaye ameshavaa vazi la mpira na amekwenda kulowa kwa hiari yake.

Hapa patatokea pingamizi la haki kabisa: mfanyakazi hana hiari ya siku. Ana Jumamosi na Jumapili, na bosi wake hatamruhusu aende Jumatano eti kwa sababu mawimbi yamefika. Hilo ni kweli, lakini linathibitisha hoja hii badala ya kuivunja. Asiyeweza kuchagua siku ndiye anayehitaji zaidi kuchagua mahali. Anayelipia chumba mbele ya ufukwe mmoja, kwa masharti ya kutorudishiwa fedha, amejifunga mara mbili: siku haibadiliki na ufukwe haubadiliki, kwa hiyo anabaki kuomba upepo ubadilike. Angechagua malazi yaliyo katikati ya fukwe zinazotazama pande tofauti, au angekubaliana na wenzake kwamba uamuzi utafanywa Alhamisi, angekuwa amejiachia angalau mlango mmoja wazi.

Pingamizi la pili ni kwamba utabiri hukosea, kwa hiyo kusubiri Alhamisi hakusaidii kitu. Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mawimbi yenye sekunde 14, yakitoka kilomita 3,000, huchukua siku tatu hivi kufika. Dhoruba iliyoyazaa imeshatokea, maboya ya baharini yameshayapima, na kuja kwake si jambo la kubahatisha. Upepo wa ufukweni ndio mgumu kutabirika, nao hubadilika hata ndani ya siku moja: mara nyingi asubuhi mapema huwa shwari, kisha jua likiipasha joto nchi kavu, upepo wa bahari unaamka. Anayeamka saa nne na kunywa chai taratibu anaweza kukuta bahari imeshaharibika, wakati walioingia alfajiri wameshakausha mbao zao.

Pingamizi la tatu lina uzito kuliko yote, nalo ni kwamba ipo hali mbaya ya hewa iliyo mbaya kweli. Radi inapopiga, hakuna mjadala, toka majini. Mawimbi makubwa yanapomwaga maji mengi ufukweni, maji hayo hurudi kwa mikondo inayoweza kumvuta hata muogeleaji hodari hadi kilindini. Na mvua, ambayo nimesema haidhuru, hudhuru kwa njia ya mifereji. Maafisa wa afya wa California hushauri watu wakae nje ya maji kwa saa 72 baada ya mvua kubwa, kwa sababu mvua hiyo husomba uchafu wa mitaani na kuumimina baharini. Huko Cornwall kwenyewe, watelezaji waliochoka kuogelea katika majitaka walianzisha mwaka 1990 chama cha kupigania fukwe safi, Surfers Against Sewage. Lakini angalia pingamizi hili linadai nini. Linadai mtu awe tayari kutoingia. Na nani atakayepata tabu zaidi kukaa nje bendera nyekundu inapopepea? Ni yule aliyelipa kila kitu mapema, akasafiri usiku kucha, na kujiambia kwamba lazima apate alichokifuata. Ratiba isiyopinda huharibu furaha, na wakati mwingine huhatarisha maisha.

Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki hoja hii si ngeni. Majahazi yaliyokwenda Uarabuni yalingoja kusi, na yaliyokuja huku yalingoja kaskazi. Hakuna nahodha aliyetweka tanga kwa sababu tu ni mwisho wa juma. Miamba ya matumbawe huyavunja mawimbi mbali na fukwe zetu nyingi, ndiyo maana Paje ya Zanzibar na Diani ya Kenya zimejulikana zaidi kwa mchezo wa ubao unaovutwa na tiara. Kanuni ni ile ile: anayefika wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, au kusi ikishakolea, kuanzia Juni, ana nafasi nzuri. Anayefuata bei nafuu za Aprili na Mei hukutana na masika na pepo zisizo na msimamo, kisha hulaumu bahati.

Kwa hiyo kundi linalopanga safari lifanye mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wake. Liamue eneo na si ufukwe, lisome upepo kabla ya kimo cha mawimbi, lilipie malazi yanayoweza kufutwa, na lihesabu safari iliyoahirishwa Alhamisi kuwa uamuzi mzuri uliookoa mafuta na fedha. Bado zitakuwapo wikendi ambazo hakuna ufukwe utakaofaa, na hizo mtu azikubali kama gharama ya mchezo usiochezewa uwanjani. Nyingine zote tunazolaumu hali ya hewa, kosa lake lilifanyika mezani, siku tulipolipia.