Kuomba Kazi Katika Mashirika ni Bure



Tangazo la kazi likibandikwa kwenye ubao wa zahanati, watu hujaa kabla gundi haijakauka. Wengi huulizana: "Unamjua nani huko ndani?" Sisi tunauliza: wewe mwenyewe utafanyaje ili barua yako isomwe?

Haki ya kuomba unayo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutafuta kazi na kuajiriwa. Wengine huanza kwa kujitolea kama wahudumu wa afya wa kijiji, yaani VHT, mpango ulioanza mwaka 2001. VHT huchaguliwa na wanakijiji wenzake. Hana mshahara, pengine hupata posho kidogo, lakini hufundishwa, na mafunzo hayo hakuna wa kumnyang'anya.

Soma tangazo lote: tarehe ya mwisho, lugha zinazotakiwa, na mahali pa kupeleka barua. Kama unajua Kiswahili na Kinyabwisha, au Kirundi, sema hivyo mapema. Mama anayeeleza ugonjwa wa mtoto wake anahitaji mtu wa kumwelewa.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Taja kazi unayoomba, kwa nini unaiweza, na utapatikana wapi. Usiishie kwenye "mimi ni mchapakazi". Andika ulichofanya kweli, kwa mfano: "Nilizunguka nyumba 40 nikihamasisha chanjo ya surua."

Je, vyeti vilipotea njiani? Usinunue cha bandia. Kikigunduliwa utapoteza kazi na jina pia. Eleza ulisoma wapi, mpaka darasa gani, mwaka gani. Taja watu wawili wanaokufahamu, kama mwalimu au mwenyekiti wa kijiji, nao uwaombe ruhusa kwanza. Wenye vyeti, pelekeni nakala tu. Cheti chenyewe na kitambulisho msiviache kwa mtu.

Sasa lililo zito. Mwaka 2025 misaada ilipunguzwa na mashirika mengi yakapunguza wafanyakazi. Kazi zikiwa chache, madalali huongezeka. Jua basi kwamba hakuna pesa ya fomu, ya usaili, wala ya "chai". Na hakuna anayeruhusiwa kudai mwili wako ili akupe kazi. Waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2003 unakataza jambo hilo, na mashirika yanayoshirikiana na Umoja huo hutakiwa kukubali masharti hayohayo. Mwenye kosa ni anayedai, si wewe.

Ukidaiwa, mweleze afisa wa ulinzi au muuguzi unayemwamini, kwa siri. Kama umelazimishwa tendo la ndoa, fika zahanati mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyosaidia zaidi. Usingoje kwanza kesi iamuliwe.

Ukikosa kazi mara hii, tunza nakala ya barua yako, uliza kwa heshima ulipopungukiwa, kisha uombe tena. Na ukisimama mbele ya ubao, soma kwa sauti, ili jirani asiyejua kusoma naye asikie.