Pikapu ya gita: Jua shida kabla ya kutoa pesa

JE, umekuwa ukiweka akiba ili ununue pikapu mpya ya gita lako la umeme? Au wewe ni mzazi na mwanao hakupi usingizi kwa ajili ya pesa hizo? Subiri kwanza. Wengi hununua pikapu ya bei ghali, wakaifunga, halafu wakashangaa kwamba shida ni ile ile.

Pikapu hii si gari la kubebea mizigo. Ni kile kifaa kidogo kilicho chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotikisika karibu na sumaku, umeme kidogo hutokea katika waya huo na kwenda kwenye amplifaya. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazisikiki kwa pikapu ya namna hii.

Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya koili moja, kama zile za Fender Stratocaster, gita lililotokea mwaka wa 1954. Sauti yake ni kali na safi, nayo huwafaa sana wapigaji wa benga. Hata hivyo, huleta mvumo kwa sababu hunasa pia usumbufu wa nyaya za stima. Ya pili ni hambaka, ambayo Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliibuni mwaka wa 1955. Ina koili mbili zilizopangwa ili mvumo wa moja uufute wa nyingine. Sauti yake ni nene na nzito.

Basi ufanyeje? Anza na yale ya gharama ndogo. Badilisha nyuzi zilizochakaa. Kisha chukua bisibisi uinue au uishushe pikapu uliyo nayo. Ikiinuliwa, sauti hupata nguvu. Lakini ikizikaribia nyuzi mno, sumaku huzivuta na noti zikatoka nje ya tuni. Ikiwa sauti inakatika-katika au inakwaruza unapozungusha kitufe, huenda ubovu uko kwenye nyaya, soketi au kitufe chenyewe. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye chuma cha kulehemu.

Ikiwa bado hujaridhika, sema wazi unachokosa. Ukichoshwa na mvumo, tafuta hambaka. Ukitaka sauti safi zaidi, usikimbilie pikapu yenye nguvu nyingi, kwani mara nyingi mizunguko ya waya ikizidi, ule ukali wa sauti hupungua.

Aidha, pima nafasi iliyopo. Hambaka ya kawaida haiingii mahali pa koili moja bila kuchonga mbao, ingawa zipo nyembamba zilizotengenezwa kwa umbo hilo. Vitufe navyo hutofautiana: koili moja kwa kawaida hutumia vya kilo-omu 250, na hambaka vya 500.

Badilisha moja kwanza, na ile ya zamani uihifadhi, kwani huenda ukaitamani tena. Nawe mzazi, kabla ya kufungua mkoba, mwulize mwanao: "Ni nini hasa kinachokosekana katika sauti ya gita lako?" Akishindwa kujibu, mpe pesa za nyuzi mpya kwanza.