Madeleine, Joseph na Ngoma ya Beyoncé

2018 nilikuwa form three. Hiyo vidio tuliiona kwa simu ya brathe, tukiwa sita tumebanana kwa kitanda moja. Beyoncé na Jay-Z wamesimama Louvre, Paris, mbele ya Mona Lisa, na hakuna msee mwingine kwa hiyo ukumbi. Ngoma ilikuwa "Apeshit", imetoka tu Juni. Sisi tulikuwa tunacheki luku: suti ya pinki, suti ya kijani, cheni. Mapicha za kwa ukuta hatukushughulika nazo. Tulidhani ni urembo wa nyumba ya watu wako na doh.

Kumbe wenye Louvre walikuwa na mchoro yao. Mwezi uliofuata wakatoa ziara ya hiyo ngoma. Walichukua kazi 17 zenye zinaonekana kwa vidio, wakazipanga vile mguu inapita, na wakaandika maelezo ya kila moja. Dakika 90 umemaliza. Unajizungusha mwenyewe, hakuna mtu wa kukuharakisha. Hiyo mwaka watu milioni 10.2 waliingia Louvre, rekodi. Siwezi sema ni juu ya Bey pekee, lakini najua mayut wengi walijua njia ya huko juu yake.

Shida ya makumbusho kubwa ni moja: ziko na vitu mob sana. Louvre imetoa nje kazi kama 35,000. Ukisema utacheki zote, utatoka na miguu imefura na kichwa haina kitu. Najua juu nishapitia. Tukiwa darasa la saba tulipelekwa trip kwa makumbusho fulani, mstari mrefu, odijo nyuma anasema songa, songa. Nilirudi kwa basi nikikumbuka tu soda.

Ziara ya stori moja inavunja hiyo maneno. Unachagua uzi. Inaweza kuwa msosi, nywele, farasi, wamama, ama rangi ya blu. Unaufuata kutoka ukumbi hadi ukumbi, na zile zingine unazipita bila kujilaumu. Picha kumi umezitulizia zinakupea kitu kuliko elfu umezipita mbio. Msee wa kuwazungusha akiwa mjanja, hata hazungumzi sana. Anawauliza swali, ananyamaza, anawaacha mcheki.

Mimi Paris sijafika. Lakini tangu Machi 2021 Louvre imeweka kazi zaidi ya 480,000 kwa intaneti, bure, picha safi za kuvuta karibu. So asubuhi moja nikiwa kwa mathree kutoka Rongai, jam ya Lang'ata Road imekataa kusonga, nikaamua hiyo ziara nitaifanya kwa simu. Uzi wangu nilikuwa nao tayari: watu weusi kwa hizo picha ni kina nani, na wanaitwaje?

Nilianzia kwa ile kubwa ya Napoléon akitawazwa, kazi ya Jacques-Louis David. Upana wake ni karibu mita kumi, urefu zaidi ya sita. Weka hiyo kwa bedsitter uone kama mtabaki na mlango. Kwa vidio, Beyoncé na madansa wameshikana mikono mbele yake, na ukicheki vile wamejipanga, taji yenye Napoléon ameinua ni kama inashukia Bey. Kwa picha yenyewe inashukia Joséphine, bibi yake, amepiga magoti. Sherehe ilikuwa Desemba 1804. Mathe wa Napoléon hakuhudhuria, lakini David alimchora amekaa vizuri, ameonekana, juu mkubwa alitaka hivyo. Hapo ndio nilishtuka. Picha ya serikali inaweza kuleta mtu hakuwa. Basi inaweza pia kutoa mtu alikuwa. Joséphine alizaliwa Martinique, kwa familia ya mashamba ya miwa, na wenye walikuwa wanalima hiyo miwa walikuwa watumwa. Kwa mita kumi za rangi, hao hawana nafasi.

Alafu nikafika kwa ile ya Géricault, chelezo ya Méduse, yenye Jay-Z amesimama mbele yake. Stori yake ni ya ukweli na ni chungu. Julai 1816 hiyo Méduse, meli ya Ufaransa, ilikwama kwa mchanga karibu na pwani ya Mauritania. Mashua hazikutosha, watu 147 wakasukumwa kwa chelezo ya mbao, na wenye mashua wakakata kamba ya kuivuta wakawaacha. Walikaa baharini siku 13. Waliokolewa wakiwa hai ni 15. Géricault alionyesha hiyo picha 1819, na watu walijua anawaambia wakubwa nini.

Sasa cheki huku juu kabisa. Kuna msee mweusi amepanda kwa pipa, wenzake wamemshikilia, anapunga kitambaa. Meli yenye anaitia ni kanukta tu kwa upeo wa bahari. Mwenye alisimama studio achorwe hivyo alikuwa anaitwa Joseph, mtu wa Saint-Domingue, yenye tunaiita Haiti siku hizi. Uso wake hatuuoni. Ni mgongo, bega, na ule mkono. Lakini miili yote ya hiyo picha, waliokufa na wenye bado wako hai, inapanda kama ngazi hadi kwake. Géricault alimpea mahali pa juu zaidi, na matumaini ya kila mtu.

Mona Lisa niliipita haraka. Ni kadogo, sentimita 77 kwa 53, na iko na wasee wake wa kutosha. Kuna ingine inaiangalia kutoka ukuta wa pili, harusi ya Kana ya Veronese, kubwa kuliko picha zote za Louvre. Jeshi ya Napoléon iliitoa Venice 1797. Ukitaka uzi wa msosi, anzia hapo.

Yenye ilinikalisha ni ya Madeleine. Kwa vidio inakuja karibu na mwisho, na hakuna mtu amesimama mbele yake. Alichorwa na Marie-Guillemine Benoist mwaka wa 1800. Benoist alikuwa mwanafunzi wa huyo huyo David, lakini yeye hakuhitaji mita kumi. Alitumia sentimita 81 kwa 65.

Nilivuta picha hadi uso ukajaa screen. Kilemba cheupe kimefungwa kwa mikunjo, ncha imening'inia nyuma, vile tu mathe hufunga akienda kanisa. Herini moja ya dhahabu, duara. Kuna shuka ya blu kwa kiti, nguo nyeupe, na utepe mwekundu kiunoni: rangi tatu za bendera ya Ufaransa. Kifua kimeachwa wazi upande mmoja, na hiyo bado inaniuma, juu sidhani kuna mtu alimuuliza. Lakini macho! Anakucheki moja kwa moja. Haombi kitu, hachekeshi mtu. Amechoka kidogo, na anajua uko hapo.

Alikuwa ametoka Guadeloupe, ameletwa na shemeji ya mchoraji. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa kwa makoloni yake 1794. Napoléon, ule wa taji, akaurudisha 1802. Madeleine amekaa kwa hicho kiti katikati ya hizo miaka mbili. Picha ilipoonyeshwa mara ya kwanza, kichwa chake kilikuwa tu "picha ya mwanamke mweusi", na kwa neno lenye siku hizi ni tusi. Ilikaa bila jina lake karibu miaka mia mbili na ishirini. 2019, makumbusho ya Orsay, hapo hapo Paris, iliandaa maonyesho ya watu weusi wenye walichorwa na Wafaransa. Watafiti walikuwa wamechimba, wakapata jina. Ikaandikwa kwa ukuta: Picha ya Madeleine.

Mathree ilifika tao, makanga akanigongea kiti. Nilishuka nikisema hilo jina kwa mdomo.

Sasa wewe wa Nai, huhitaji visa. Nairobi Gallery iko pale Kenyatta Avenue inakutana na Uhuru Highway, nyumba ya mawe ya 1913 yenye ilikuwa ofisi ya mkoloni ya kuandikisha waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Ndani kuna hazina ya Joseph Murumbi, makamu wa rais wa 1966 mwenye alikusanya sanaa ya Afrika maisha yake yote. Panda hadi makumbusho ya Museum Hill, kuna michoro ya Joy Adamson, mchoraji wa enzi ya mkoloni: watu wetu na mavazi yao, kazi yenye serikali ya kikoloni ilimpea. Wengine wa hao ni kina guka na shosho za watu tunajua.

Jumamosi chukua mbogi yako, watu wanne, watano, uende. Usijaribu kumaliza jengo lote. Mwambie msee wa kuwazungusha mnataka stori moja tu, na kwa kila uso muulize: huyu anaitwa nani? Pahali hakuna jina, andika kwa simu, urudi nyumbani uulize wazee. Kuna mtu anajua.