Mrututu, Umeme na Shaba Safi

Umeme wa betri ukipitishwa katika maji yaliyotiwa mrututu, shaba iliyomo hujitenga na kuganda kwenye kipande cha metali. Kutenganisha kampaundi kwa umeme namna hii ndiyo elektrolisisi. Mrututu, ambao maabara huuita salfeti ya shaba, ni mfano bora wa kuanzia, kwa sababu rangi yake ya buluu hufichua kinachoendelea.

Mrututu mkavu haupitishi umeme; ioni zake zimeshikana, haziwezi kusogea. Majini huachana. Ioni za shaba, zenye chaji chanya, huvutwa na kathodi, yaani elektrodi iliyounganishwa na ncha hasi ya betri. Za salfeti, zenye chaji hasi, huelekea anodi. Pale kathodi kila ioni ya shaba hupokea elektroni mbili na kuwa atomu. Haidrojeni ya maji haitoki, kwa kuwa ioni za shaba hupokea elektroni kwa wepesi zaidi.

Kwenye anodi ndipo wanafunzi wengi hukwama. Elektrodi zikiwa za kaboni, maji ndiyo yanayotoa elektroni: viputo vya oksijeni hupanda, buluu hufifia, na hatimaye hubaki asidi ya salfuriki. Zikiwa za shaba, viputo havionekani. Anodi yenyewe humong'onyoka na kurudisha ioni moja kwa kila inayoganda upande wa pili, hivyo buluu haififii. Myeyusho ni uleule. Kilichobadilika ni elektrodi tu.

Viwandani njia zote mbili hutumika. Shaba ya tanuri, yenye usafi wa takriban asilimia 99, hufanywa anodi, ikahamia kathodi ikiwa na asilimia 99.99. Nikeli hubaki kwenye myeyusho. Dhahabu na fedha huzama chini kama tope, nalo tope hilo ni mali. Katanga, nchini Congo, mawe mengi ya shaba huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki, kisha shaba hukusanywa kwa kutumia anodi za risasi zisizoyeyuka, zinazotoa oksijeni kama zile za kaboni. Mabamba yanayoletwa kwa malori hadi bandari ya Dar es Salaam ndiyo kathodi zenyewe.

Michael Faraday alionyesha katika miaka ya 1830 kwamba metali inayoganda hulingana na umeme uliopita. Gramu 63.5 za shaba huhitaji kulombi 193,000. Ampea 1 kwa saa nzima ni kulombi 3,600, nazo hugandisha gramu 1.18 tu; ndiyo maana kiwanda huendeshwa kwa maelfu ya ampea, usiku na mchana.