KWA NINI MNUNUZI HUNYAMAZA?

Leo tutazungumza juu ya mnunuzi na maoni yake. Kwa nini watu wachache huandika kusifu au kulalamikia kitu walichonunua, na wengi hawaandiki kabisa?

Tuseme mkulima mmoja wa hapa Mzumbe amenunua pakiti ya mbegu za mahindi. Amepanda wakati wa masika, lakini mbegu nyingi hazikuota. Atafanya nini? Mara nyingi atanung'unika nyumbani, atawaambia majirani wawili watatu, kisha atanunua mbegu nyingine katika duka jingine. Waliotengeneza mbegu zile hawatajua. Na mkulima wa kijiji cha pili atanunua zile zile, naye atapoteza msimu wake.

Sababu za kunyamaza ni tatu. Kwanza ni muhali: mwenye duka ni jirani, labda ni mkwe, naye humkopesha chumvi na sukari. Pili, mtu hudhani kwamba barua yake moja haina nguvu. Tatu, huona haya kwa sababu ya mwandiko wake.

Je, wanaoandika ni nani? Hasa ni wenye hasira nyingi au wenye furaha nyingi. Yule ambaye mbegu zake zimeota kama alivyotazamia haoni sababu ya kushika kalamu. Kwa hiyo tukisoma maoni ya wanunuzi, tukumbuke kwamba wengi hawakusema neno. Kimya chao si sifa, wala si lawama.

Basi, ukiandika, usitukane, eleza uliyoyaona. Kusema "Mbegu zenu ni mbaya" hakumsaidii mtu. Afadhali hivi: "Nilinunua pakiti moja tarehe 3 Machi. Nilipanda mbegu 100, zikaota 40. Mvua ilinyesha vizuri." Mvua itajwe, kwa maana hata mbegu njema hushindwa na ukame, au ikifukiwa chini mno. Tena usitupe pakiti, lebo yake, wala stakabadhi. Hao ndio mashahidi wako.

Barua au ujumbe wa simu umfikie kwanza mwenye duka. Asipojibu, mwone bwana shamba au bibi shamba, au TOSCI, yaani taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu kwa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Makao yake makuu yako hapa hapa Morogoro.

Na mbegu zikiota vizuri? Andika vile vile. Muuzaji mwema naye astahili kujulikana.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Ni kitu gani ulichonunua kikakuudhi, nawe ukanyamaza? Kwa nini?
2. Je, waweza kumwambia jirani kosa la bidhaa yake bila kuvunja ujirani? Kwa maneno gani?
3. Andikeni barua ya mistari mitano kwa mwenye duka. Tajeni kitu, tarehe na hesabu.

Kwa herini.