UZI: Mahakama ya Marekani "ilihalalisha" bampustoki? Tuelewane kwanza

1/ Mjadala wa bunduki za Marekani ukipamba moto hapa, lazima mtu aandike: "Mahakama ya Juu ilisema bampustoki ni haki ya kikatiba." Hapana jameni, haikusema hivyo. Wacha nieleze.

2/ Bampustoki ni kitako spesheli cha bunduki, ile sehemu unayoegemeza begani. Risasi ikitoka, bunduki inateleza nyuma, mkono wa mbele unaisukuma irudi. Kidole kimetulia tu. Kifyatulio ndicho kinakuja kukigonga, tena na tena, mbio karibu kama rashasha.

3/ Tarehe 1 Oktoba 2017, Las Vegas, mtu mmoja alimiminia umati wa tamasha risasi zaidi ya 1,000 kutoka hotelini. Watu 60 walikufa. Baadhi ya bunduki zake zilikuwa na kifaa hiki.

4/ Sheria ya 1934 inasema rashasha ni bunduki inayotoa risasi zaidi ya moja, yenyewe, kwa tendo moja la kifyatulio. Kwa miaka mingi shirika la serikali linalosimamia silaha lilisema bampustoki si rashasha. Baada ya Las Vegas likageuka: Desemba 2018 likatoa kanuni, ukiwa nayo iharibu au uisalimishe.

5/ Tarehe 14 Juni 2024 Mahakama ikaifuta kanuni hiyo, majaji 6 kwa 3. Wale 6: kifyatulio kinajirudi kila risasi, kwa hivyo si tendo moja. Wale 3: mpigaji anavuta mara moja, mengine yanajiendesha.

6/ Umeona? Walibishania maana ya maneno ya sheria, si katiba. Bunge lao linaweza kupitisha marufuku hata kesho. Na marufuku za majimbo kama California na Nevada hazikuguswa.

7/ Kanuni ilikuwa njia ya haraka, na iliwaepusha wabunge kura ngumu. Lakini marufuku bila sheria imara nyuma yake iliporomoka baada ya miaka 5, na waliofiwa wakarudi mwanzo.

8/ Hapa Kenya katiba haikupi haki ya bunduki, ni leseni tu. Lakini somo ni letu pia: waziri hawezi kutunga kanuni inayozidi sheria mama, na tangu 2013 sheria inataka kanuni zifikishwe Bungeni. Kwa hivyo ukisikia "serikali imepiga marufuku", uliza kwanza: ni sheria ya Bunge ama ni kanuni tu?